Vijana Wanaonisubiri Kwenye Kona ya Pugu

Kosa wanalofanya watu wengi wanapojiandaa na mbio ndefu za baiskeli ni kujipima nguvu wakiwa na watu wanaowaheshimu. Matairi wanachagua vizuri, chakula cha njiani wanapanga vizuri, lakini kipimo chenyewe ni kibovu. Mimi nimelifanya kosa hilo kwa muda mrefu, tena kwa furaha.

Leo ni Jumatatu. Gongo la Mboto imeamka na manyunyu, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaharibu barabara. Nimekaa sebuleni na chai ya tangawizi, na sina amani.

Kesho ndiyo mwisho wa kutoa jina. Mbio zenyewe ni za kutwa nzima kwa baiskeli za milimani: zinaanzia kwenye vilima vya Kisarawe, zinakata vijijini kwa njia za mchanga, zinaishia pwani kule Kimbiji. Katikati kuna kituo. Usipofika pale kabla ya saa sita mchana, baiskeli yako inapakiwa kwenye gari na wewe unapakiwa pamoja nayo.

Niingie au nisiingie?

Nimestaafu ualimu, nywele zimekwisha rangi, na dawa ya presha naimeza kila asubuhi. Mtu wa umri wangu akikosea hesabu ya namna hii, anaweza kurudishwa nyumbani amefunikwa shuka.

Tangu mwaka jana naendesha kila Jumamosi na vijana wa mtaani kwetu. Kiongozi wao ni Shabani, fundi umeme, ambaye nilimfundisha jiografia sekondari. Bado ananiita Ticha, na wenzake wameiga. Tunatoka alfajiri, tunapanda Pugu, tunafika Kisarawe, tunarudi. Katika kipindi chote hicho sijawahi kuachwa hata mara moja. Nikaanza kuamini kwamba mwili wangu una kitu ambacho miili ya wenzangu wa rika langu haina.

Wao ndio walionishawishi niingie kwenye mbio, na walinishawishi kupita kiasi. Kabla sijajibu, picha yangu nikiwa na helmeti ilikuwa imeshasambaa kwenye kundi lao la simu na maneno "Ticha ndani ya nyumba". Hapo nikaanza kuwa na wasiwasi. Wanataka mshiriki, au wanataka pambo? Tuna mazoea ya kumweka mzee mbele katika kila shughuli, kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa duka, apigwe picha kisha apewe soda.

Lakini aliyenitonya hasa ni Kibwana. Huyu ni Mzaramo wa Pugu, mhasibu mstaafu, na nyumba yake iko juu kabisa ya mlima tunaoupanda, pale kwenye kona. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Kwa msomaji aliyekulia mjini bila kuelezwa mambo haya: mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata msibani kwenu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Wiki iliyopita nilipita kwake kumjulia hali, nikamkuta kibarazani.

"Mnyamwezi, nasikia unakwenda Kimbiji kwa baiskeli."

"Nafikiria."

"Nenda, nenda! Baiskeli ile mtani wako nitaibeba kabla hawajamaliza kuchimba kaburi." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ila waambie wale watoto wako waache kukusubiri hapo konani. Wananizibia njia ya gari."

"Kunisubiri?"

"Kila Jumamosi! Wanafika, wanashuka, wanapiga soga zao. Wewe ukitokeza wanainama kwenye cheni. Ulidhani una mbio, eti?"

Sikumwamini. Huo ndio ubaya wa utani: mwenye ruhusa ya kusema ukweli wote ana ruhusa ya kusema uongo pia.

Hata hivyo maneno yale yalinikaa. Nieleze kwa nini. Kwenye tambarare nilijua kwamba ninasaidiwa. Ukikaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, yeye ndiye anayekata upepo na wewe unapita kwenye kivuli chake. Hilo si aibu, kila mwendeshaji hulifanya. Mlimani hakuna kivuli cha namna hiyo. Mnakwenda polepole mno kwa upepo kuwa na maana, na kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe. Ndiyo maana mlima wa Pugu nilikuwa naujivunia kuliko kitu kingine chochote: hata wakinitangulia, nikitokeza konani nawakuta wanahangaika na cheni, nami nadhani nimewafikia.

Juzi Jumamosi nikatega. Nilipokaribia kona nilishuka, nikaikokota baiskeli pembeni kwenye majani ili isitoe sauti, nikachungulia.

Walikuwepo wote. Shabani alikuwa amekaa kwenye jiwe anatafuna karanga. Mwingine amevua kiatu anakung'uta mchanga. Hakuna aliyehema.

Mmoja akaniona. "Oya, Ticha huyo! Ticha huyo!"

Wote wakainama kwenye cheni kwa pamoja, migongo juu, kama darasa lililosikia viatu vya mkuu wa shule. Migongo ile nimeitazama maisha yangu yote ya kazi. Naifahamu.

"Shabani, kuna tatizo gani?"

"Cheni imelegea kidogo, Ticha."

"Cheni za wote?"

Mmoja wao akashindwa kujizuia, akacheka, na Shabani akasimama akipangusa mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Ticha, sasa tufanyeje? Mtu aliyenifundisha nimtimulie vumbi? Mama angu akisikia hatanielewa."

"Na siku ya mbio?"

"Siku hiyo nakaa na wewe mwanzo mwisho. Wallahi tena. Sikuachi."

Alisema kwa mapenzi kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. Ningefika kituo cha katikati kwa mwendo wa kuazima, huku nikiwa nimemharibia Shabani mbio zake, halafu ningeingia kwenye mchanga wa Kigamboni, njia ya Kimbiji, nisijue mwili wangu umebakiza nini. Gari la bure la pale kituoni lingekuwa limeshaondoka na wenzangu wenye akili.

Nikawaambia tuteremke wote mpaka chini, tuanze upya, na waniache. Walikataa. Ikabidi nitoe ile sauti ya darasani.

Wakanipita, lakini adabu haikuwatoka. Kila aliyefika ubavuni kwangu alipunguza mwendo. "Shikamoo, Ticha." Na mlimani, msomaji wangu, marahaba moja ina gharama ya pumzi nzima. Wawili wa mwanzo niliwajibu vizuri. Waliofuata waliambulia kidole kilichoinuliwa kwenye usukani.

Kisha wakatoweka. Nikabaki na sauti ya pumzi zangu, na njia ambayo ghafla ilikuwa ndefu kuliko Jumamosi zote nilizoijua.

Nilipofika juu walikuwa wamemaliza kula mihogo na wanagombania pilipili iliyobaki. Kibwana alikuwa amesimama kibarazani, mikono kiunoni. "Mnyamwezi! Tulishaanza kuchanga rambirambi!" Vijana wakacheka, nami nikacheka, ingawa kwanza niliketi chini kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza vijana wale kunicheka mbele yangu. Nakiri ilinipendeza.

Jana nilikaa na kupiga hesabu kwa mwendo ule wa peke yangu, mwendo wangu halisi. Kama sitapata pancha, nafika kituo cha katikati kabla hakijafungwa. Kwa shida, lakini nafika. Mchanga nao una namna yake: ukipunguza upepo kwenye matairi, yanatanuka na hayazami. Kwa hiyo miguu imeshajibu, na jibu lake ni la unyenyekevu kidogo.

Nikadhani nimemaliza. Nikamwambia mke wangu wakati wa chakula cha mchana kwamba nitatoa jina.

Mama Neema hakuinua macho kwenye sahani. "Na moyo nani kaupima?"

"Si daktari, mwezi uliopita."

"Daktari yupi? Yule naye si uliyemfundisha?"

Nikakiweka kijiko chini.

Ni kweli. Daktari wa zahanati ya jirani naye ananiita Ticha. Siku ile alinifunga kile kitambaa mkononi, akatazama, akasema, "Presha safi kabisa, Ticha, moyo kama wa kijana," kisha tukaanza kukumbushana habari za shule. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Sisemi alinidanganya. Inawezekana kabisa moyo wangu ni mzima. Ninachosema ni kwamba sijui kama angeweza kuniambia neno baya usoni, na baada ya kuiona migongo ile konani, siwezi tena kuendesha kutwa nzima juani kwa kutegemea neno zuri.

Basi nimeamua hivi. Kuna kituo cha afya Mbagala ambako hakuna anayenijua. Pale nitakuwa mzee mwenye namba kwenye foleni, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Nitawaambia kwamba nataka kupanda baiskeli kutoka Kisarawe mpaka Kimbiji, na nitawatazama nyuso wakati wanasikia. Wakiniruhusu, natoa jina kesho asubuhi, na Shabani ataapa mbele ya wenzake kwamba ataniacha kuanzia mlima wa kwanza. Wakinikataza, nitakwenda Kimbiji kugawa maji, na Kibwana aseme atakachosema.

Manyunyu yamekatika. Vaa viatu, Mwalimu, nenda Mbagala ukapimwe leo.