Wale Tusiowahesabu

Jumanne, 5 Februari

Kikao cha kamati, kwa video. Saa nzima na nusu natazama matundu ya pua za watu. Desmond Pruitt, mwenyekiti wetu, kaja na grafu tena. Kila mwenyekiti na maradhi yake, ya huyu ni grafu. Mstari wa kijani unapanda mpaka unakaribia kutoka nje ya skrini — hilo ni toleo la tano la Pulka, programu yetu ya kutengenezea tovuti. Chini kabisa kuna mstari wa kahawia umelala chali. Hilo ni toleo la tatu.

"Tovuti laki tisa na elfu themanini zinaendeshwa na Pulka," akasema. "Jumamosi ya wiki ijayo tunagonga milioni. Mama Lorna, ulidhani ungeyaona haya maishani?"

Mama Lorna. Mimi nina sitini na moja, yeye arobaini na nne. Ningekuwa nimemzaa nina miaka kumi na saba na akili haijakaa sawa.

Nilipoanza kuandika Pulka na marehemu Arvid, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya shule hapa Duluth, tulitaka jambo moja tu. Mtu asiyejua kompyuta awe na tovuti yake, aandike, aweke picha, bila kumpigia mtu magoti. Bure. Msimbo uko wazi, anayetaka achukue, achokonoe, agawe. Tukaiita jina la kile kigari cha theluji kisicho na magurudumu, unachokifunga kiunoni na kukiburuta. Hakuna aliyetaja milioni.

Halafu Kirsa, mchora grafu, akasoma pendekezo. Toleo la tatu ni asilimia mbili tu ya watumiaji. Lifungwe Jumamosi ya tarehe 16, siku ya sherehe. Baada ya hapo hakuna kiraka tena, hakuna marekebisho ya kuziba tundu lolote. Nikauliza, na lile tundu lililogunduliwa Januari? Mtu baki anaweza kupenya na kuandika atakacho kwenye ukurasa wako. Kiraka nimeshakiandika, kipo tayari, ni kukituma tu.

"Ukituma, watu hawatahamia la tano," akasema Kirsa. "Tusiwabembeleze." Sauti yake laini kama siagi.

Kura sita kwa moja. Moja ni yangu. Na sahihi ya kulifunga pia ni yangu — ufunguo wa toleo la tatu, zile namba za siri, ninao mimi peke yangu tangu Arvid afe, na seva, kompyuta inayolihudumia, iko kwangu, chumba cha chini, karibu na mashine ya kufulia. Hata kuua wananihitaji mimi.

Jumatano, 6 Februari

Nimeamka na nongwa. Nikafungua orodha ya tovuti mpya za mwezi uliopita. Nadhani hakuna aliyewahi kuifungua, wanaangalia jumla tu. Nikachomoa mia moja bila kuchagua.

Sitini na moja ni ukurasa uleule. Gurudumu la kamari linazunguka, mwanamke mwenye meno mengi anacheka, "Leo ni zamu yako". Jina la tovuti tofauti, meno yaleyale. Mtu mmoja huko aliko amesimika Pulka maelfu kwa maelfu kwa mashine, na kila moja imejibu: ndiyo, nihesabuni. Hao ndio mashabiki wetu. Huo ndio mstari wa kijani.

Nimekwenda kunawa mikono. Kweli kabisa, kwa sabuni.

Ijumaa, 8 Februari

Nimempigia Desmond. Nilijiambia nitaongea polepole.

"Tovuti ni tovuti," akasema. "Hatuwezi kuanza kuwabagua watumiaji."

"Gurudumu la kamari si mtumiaji, Desmond."

"Linatumia Pulka? Linatumia. Basi." Halafu akacheka, hana haya. "Na hao watu wako wa toleo la tatu wako wapi? Nionyeshe. Grafu haiwaoni."

Nikakata simu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: grafu haiwaoni kwa sababu yangu mimi.

Kila Pulka ikisimikwa huuliza swali moja: Tukuhesabu? Kwenye toleo la tano jibu limeshawekwa, Ndiyo, tena kwa herufi za kutafutia miwani. Kwenye toleo la tatu jibu lililowekwa tayari ni Hapana. Nililiweka mimi. Nikaandika na chini yake: Hatuhesabu watu. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo. Arvid alinipigia makofi.

Sasa wale walioniamini hawapo kwenye grafu, na gurudumu la kamari lipo. Nimechefukwa na Desmond, na nimechefukwa na mimi pia. 

Jumatatu, 11 Februari

Wendell Aubid kapiga simu saa mbili asubuhi. Nilikuwa mtunza maktaba wanawe wakisoma shuleni kwetu, mpaka leo ananiita mwalimu. Anaishi Ziwa Perch, saa moja kaskazini. Kila asubuhi ya baridi hutoboa barafu mahali kumi, hupima unene na kuuandika kwenye tovuti yake. Watu wa huko hawaingizi gari ziwani kwenda kuvua bila kuangalia ukurasa wa Wendell. Nilimsimikia mwenyewe. Toleo la tatu.

"Mwalimu, ukurasa wangu umeota meno," akasema.

Nikaufungua. Gurudumu. Yule mwanamke. Zile namba za barafu hazipo hata moja. Wamepenya kwa lile tundu, tundu ambalo kiraka chake nimekikalia tangu Jumanne kama kuku.

Nikamwambia nitauzima sasa hivi, nitakuletea dawa. Akasema sawa, hamna shida. Halafu akaniambia lililobaki.

Jana mzee Clarence Bohl alikwenda ziwani na mjukuu wake wa kike wa miaka minane. Aliangalia simu, akaona upuuzi, akadhani simu yake ndiyo mbovu. Akaenda kwa mazoea. Pale penye wembamba, mkondo unapopita chini, barafu ilikuwa inchi nne, haibebi gari. Wendell alikuwa ameshapaandika kwa rangi nyekundu siku mbili nzima. Magurudumu ya mbele ya gari lake yakazama. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wamelowa mpaka kifuani. Mtoto yuko hospitali, vidole vya mguu mmoja bado hawajui kama vitapona.

"Wapo hai," akasema Wendell. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumanne, 12 Februari

Nimeiandikia kamati habari yote ya Clarence. Desmond kajibu mistari miwili. Anasikitika sana. Tukio hili linaonyesha kwa nini watu wanapaswa kuhamia toleo la tano.

Nimeisoma mara tatu. 

Alhamisi, 14 Februari

Nimekwenda Ziwa Perch, kiraka mfukoni. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, gari limegoma mara mbili kuwaka. Wendell kanikaangia samaki kabla hajaniruhusu kugusa kompyuta. "Kwanza kula, mwalimu. Unafanana na muwa uliotafunwa."

Kiraka kimeingia kwa dakika nne. Dakika nne! Namba zikarudi, pale penye wembamba pakawaka nyekundu. Nikamwambia sasa uko salama.

"Mimi ndiyo," akasema. "Na wale wengine?"

Wengine gani?

Ikawa hivi: watu wa maziwa sita ya jirani aliwanakilia Pulka yeye mwenyewe. Halafu watu wa zimamoto wa kujitolea. Halafu binamu yake akapeleka kwa wanaogawa chakula kwa wazee, naye akampa mtu wa zahanati. "Ulisema ni bure, tugawe. Tukagawa." Hajui wamefika wangapi. Hakuna ajuaye.

Nikamwambia shida ndiyo hiyo. Kamati haiwaoni. Nikamfungulia lile swali. "Ukibadilisha hapa iwe Ndiyo, na wenzako pia, watahesabika. Nitakuwa na kitu cha kuwaonyesha."

Akaliangalia kwa muda. Akamimina kahawa.

"Unajua kwa nini niliichukua hii Pulka yako?" akasema. "Vijana walinionyesha nyingine, nzuri kuliko hii. Yako ina sura mbaya, samahani. Lakini ilikuwa imeandika hapa, hatuhesabu watu. Nikacheka peke yangu. Sisi Waojibwe, wenyeji wa ardhi hii, tumehesabiwa, mwalimu. Tulihesabiwa tukapangiwa ardhi, wakahesabu tena ardhi ikapungua. Babu yangu alikuwa na namba kabla hajawa na viatu. Nikasema, basi na mimi nipate kitu kimoja kisichonihesabu."

Nikalifunga lile swali kwenye skrini. Nilikuwa nimekuja kumwomba kilekile alichoomba Desmond, ila mimi nilikula samaki wake kwanza.

Ijumaa, 15 Februari

Mambo yako hivi. Kesho saa tisa alasiri natakiwa kutia sahihi ya kulifunga toleo la tatu. Ufunguo uleule unaweza kutuma kiraka kwa wote, dakika moja. Bila kura ni kuvunja kanuni tuliyoiandika na Arvid kwa mkono wetu: asitume mtu peke yake. Watanivua ufunguo, na watakuwa na haki. Tundu lijalo hakutakuwa na wa kuliziba.

Yule mtoto ataondolewa kidole kimoja. Wendell kanitumia ujumbe, hakuongeza neno.

Nimepiga pasi blauzi.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika kwenye chumba cha makoti cha ukumbi wa sherehe, ule wa jamii ya Wafini, saa tisa kasoro dakika kumi. Nina haraka.

Wamefika watu kama themanini, wengine wamepanda ndege. Keki ndefu kama jeneza, imeandikwa 1,000,000 kwa sukari ya kijani. Ukutani wametundika namba inayopanda yenyewe, na kila ikiongezeka watu wanashangilia. Nilisimama nikaitazama. Kila shangwe, nilikuwa naona yale meno.

Saa nane na dakika tano nimeingia humu, nimekaa katikati ya makoti yenye maji ya theluji, nimefungua kompyuta. Nimetia sahihi. Si ya kufunga. Nimetuma kiraka, kwa wote.

 

Kila tovuti inayochukua kiraka huacha alama kwenye seva yangu kule chini, jina lake na saa. Ikifika saa kamili, leo ni saa tisa, alama zote zinajifuta. Hilo nalo nililipanga mimi, miaka tisa iliyopita, nisije nikashawishika. Ndani ya saa moja huwa zote zimeshachukua. Sijawahi kuifungua orodha ile.

Leo nimeifungua. Nilijidanganya kuwa naangalia tu kama kiraka kinafika.

Elfu arobaini. Nikadhani nimekosea. Laki moja. Kituo cha zimamoto. Maktaba. Nyumba ya maziko. Kanisa, kanisa, shule, mtu anayetengeneza violini. Kliniki. Makazi ya wanawake waliokimbia waume — na jina la mtaa lipo! Nikafumba macho hapo, lakini nilikuwa nimeshasoma. Mara ya mwisho kuangalia ilikuwa laki tatu na elfu kumi na mbili, na bado wanakuja.

Kiraka kikitoka, taarifa huwafikia wanakamati wote kwenye simu. Desmond aliipata katikati ya hotuba. Alimaliza hotuba, nampa hilo, kisha akaja humu akafunga mlango.

"Umetuma."

"Nimetuma."

"Bila kura, Lorna." Mara ya kwanza ameacha kuniita mama. Akakaa juu ya sanduku la viatu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Wamechukua wangapi?"

Nikaigeuza kompyuta asione skrini.

"Kama ni wale elfu ishirini wa kwenye grafu, utanipa ufunguo leo na tutaagana kwa heshima. Lakini kama ni wengi..." Akajikuna shingo. "Kama ni wengi, nikiwa na orodha mkononi, naitisha kura hapahapa kabla ya keki. Toleo la tatu linabaki, na wewe unabaki nalo. Mimi si mnyama. Nionyeshe tu. Zuia isijifute, nionyeshe majina."

Majina. Amesema majina.

Nikamwambia anipe dakika. Kaenda kuniletea kahawa.

Kuzuia ni kubonyeza mara moja. Nikibonyeza, nimeshinda. Wote wale watapata kiraka kijacho na kinachofuata. Nisipobonyeza, majina yanajifuta, na tundu lijalo litakuta pale penye wembamba hapana rangi nyekundu, na mtoto mwingine.

Saa tisa kasoro dakika nne. Nje wanahesabu kwa pamoja, wamebakiza mia mbili kufika milioni.

Simu imelia. Ni Wendell. "Imeingia yenyewe maziwa yote sita. Wenzangu wananiuliza ni nani katuma, nimewaambia ni yule asiyetuuliza majina. Asante mwalimu."

Nimeigeuza simu kifudifudi. Orodha iko mbele yangu, bado inaongezeka. Kasoro dakika mbili. Desmond anarudi, nasikia vikombe vinagongana, na sijui kama nitauondoa mkono wangu kwenye kile kitufe cha kuzuia au