Namba ya Posta ya Bwana Pruitt

Jumatatu, 5 Mei

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshasoma, lisikutoke hata neno. Kazini, ofisini kwa seneta ninakopokea simu, naitwa Neil. Hawajui kuwa ni Nabeel, wala kwamba Abbu, baba yangu, ndiye anayepatanisha wanandoa msikitini.

Simu arobaini leo, zote za muswada wa seneta wetu. Kifungu cha kwanza: mabaraza ya dini yasiamue ndoa wala talaka. Cha pili: ukimtishia mtu, miaka kumi jela. Naandika jina la anayepiga, namba ya posta ya mtaa wake, anaunga mkono au anapinga.

Kaylee wa meza ya pili: "Neil, mchumba wako hewani!" Bwana Pruitt, kama kila asubuhi. Anaunga mkono. Kisha akanisimulia mkate wa mahindi wa marehemu mkewe. Nampenda yule mzee. Ndiyo hivyo!

Jumatano, 7 Mei

Nimekumbuka chumba cha Abbu nyuma ya msikiti. Mimi mdogo, napanga viatu mlangoni. Harufu ya chai ya iliki. Wanandoa wanaingia wamenuniana. Wakitoka wanagombania nani aendeshe gari. Abbu ananong'ona: "Hao wamepona."

Muswada ukipita, chumba kinafungwa. Na nakala safi ya muswada huo nimeipiga chapa mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Abbu kanisikilizisha ujumbe kwenye simu ya msikiti. Sauti ya mzee: chumba kifungwe, la sivyo atakichoma na Abbu akiwa ndani.

Jina hakutaja. Lakini alianza kwa namba yake ya posta! Tarakimu zote tano, taratibu — kama ninavyomdai Bwana Pruitt kila asubuhi.

Abbu akacheka. "Mstaarabu huyu, kaacha na anwani."

Nikamwambia ninamjua.

"Nyamaza, mwanangu. Kazini watakuuliza umejuaje. Kazi itakwenda."

"Akirudia je, Abbu?"

Abbu akamwaga chai yake, akamimina nyingine.

Ijumaa, 9 Mei

Gavana anatia saini muswada saa nne. Sheria inaanza papo hapo. Akirudia baada ya hapo, Bwana Pruitt atafia jela. Au Abbu atafia chumbani.

Saa mbili na dakika tano. Simu inalia. "Mchumba!"

Wewe uliyeokota daftari, ukinitafuta, usipige hapa ofisini. Piga msikitini, baada ya sala ya Ijumaa. Uliza Nabeel, mwana wa Hashmi. Huko Neil hawamjui. Iache simu ilie hadi mwisho. Abbu anatembea polepole. Na tafadhali, anza kwa salamu, si kwa namba —

Bado inalia. Nitampa jina langu kwanza, Nabeel wa msikitini, kisha nimwulize la kwake, si la ukoo