Programu Yako Haikuvuka Mpaka

Damas mwanangu,

Kosa la wengi, mashine ikifa, ni kumshitaki aliyeigusa mwisho. Naye akiwa marehemu, hata kikao hakiitishwi.

Tangu sisi wenzako wa ofisi tukuzike, vita vya ng'ambo havijatulia. Waliobaki Bukavu bado wanatuma habari za jamaa zao kwa redio, na zinaingia kwenye kompyuta yetu kupitia programu uliyoiandika. Baada ya mazishi fundi aliweka kiini kipya cha mfumo, ile programu mama inayoendesha mashine yote, na mashine ikaanza kuanguka. Nikazima programu yako, mashine ikatulia. Shefu wetu wa ofisi akacheka: "Papa, muntu alikufa, programu yake nayo ikufe." Akataka ifutwe. Neno likafika kijijini Nkanka kwa mama yako, kwamba mwanawe aliacha kitu kibovu. Tangu hapo hapiti tena ofisini kunisalimu.

Sikuwa na wa kumuuliza. Kiti chako kimejaa mafaili.

Nikajaribu kinyume. Nikarudisha programu yako, nikazima ukaguzi wa kumbukumbu ambao fundi aliuwasha ndani ya kiini. Mashine haikuanguka. Nikueleze, najua ungesema, "Mzee, fupisha, batoto banalala."

Kiini hugawa kumbukumbu ya mashine kama viwanja. Ule ukaguzi hupanda alama pembeni mwa kila kiwanja, kama sisi tunavyopanda miyenzi, ile miti ya ua, mpakani, ili anayevuka ajulikane. Ni jambo jema. Lakini alama ya mbele ilikisogeza kiwanja chako kidogo, na kadi ya redio, ile inayoingiza habari kwenye mashine, haijui kuandika ila pale ukurasa wa kumbukumbu, yaani kipande chake kimoja kamili, unapoanzia. Ikaandika palepale ilipozoea: juu ya alama, na juu ya mali ya jirani. Mlinzi, yaani ule ukaguzi, akaona uharibifu, akasimamisha kila kitu. Uharibifu ule ulitokana na alama zake mwenyewe.

Wewe hukuvuka mpaka wa mtu. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, na mvua ikiwa juu ya mabati. Furaha ya kupata kosa, Damas, inataka watu wawili.

Shefu amekubali, programu inabaki. Mama yako bado hajui. Nakuahidi hatazeeka na lile neno la uongo moyoni. Lala salama, mwanangu.

Nawe mzee unayeandika, weka kalamu chini, vaa viatu, nenda Nkanka leo.