Kifua Ulichonirithisha

Bertrams, Johannesburg
Agosti 2019

Mama,

Matiti nimeyapunguza. Nakuambia moja kwa moja kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza. Yalipunguzwa mwaka jana katika hospitali ya serikali, baada ya kusubiri mpaka nikasahau kwamba nasubiri. Kanisani walisema ni urembo. Hata mimi, nikikaa kwenye benchi moja na wanawake wenye saratani, niliona kama ninamwibia mtu nafasi yake.

Cherehani uliyoniachia ulipofariki bado inafanya kazi, nashonea sare za shule. Mjukuu wako Neema ana miaka kumi na mitano. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza. Mwili wake ni wetu, wako na wangu, na ameshaanza kutembea ameinama.

Sasa nikueleze habari ya simu. Kabla ya operesheni alinipigia msichana Mkenya wa chuo kikuu, jina lake Wambui. Anawauliza wagonjwa hali zao kabla na baada, halafu wakubwa wapime kama inafaa hospitali za serikali ziendelee na operesheni hii au ziiache. Ana sauti ya upole, adabu tele. Akauliza kama nina maumivu. Nikajibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ulivyonifundisha: "Niko muzuri, namushukuru Mungu." Akauliza usingizi, akauliza kazi. Vyote vizuri. Wakati huo matiti nilikuwa nimeyapumzisha juu ya meza ya cherehani, maana mabega yalikuwa yamekataa.

Mwezi uliopita akapiga tena. Safari hii nilikuwa vizuri kweli, nikajibu vilevile. Akaniambia: "Dada, kwa haya majibu yako, operesheni haikukusaidia kitu. Na wenzako wengi kutoka Kongo wamejibu hivyo hivyo."

Nilicheka, Mama. Kisha Neema akapita, begi la shule amelikumbatia kifuani ili asionekane, na kicheko kikaniisha. Kama wakiiacha operesheni hii, yeye ataipata wapi? Ya hospitali za watu binafsi sisi hatuiwezi.

Nikafunga mlango wa chumba, nikamwambia Wambui yote. Kamba za sidiria zilivyonichimba mabega. Ngozi ya chini ya matiti kuchubuka kila kiangazi. Vidole kufa ganzi mpaka sindano inadondoka. Vidonge vya kliniki, mazoezi ya viungo hospitalini, siku nilizoshindwa kukaa kwenye cherehani na wateja wakahamia kwa mwingine. Niliona haya kama mtu anayevua nguo barabarani. Yeye akasema vidonge na mazoezi ni gharama pia, na serikali ingeendelea kuvilipia maisha yangu yote bila mimi kupona, wakati operesheni hulipiwa mara moja tu. Ameandika majibu mapya, na anawapigia upya na wale wengine. Uamuzi haujatoka. Huenda wakakataa.

Mwisho aliuliza kama kuna mwingine katika familia aliyeumwa hivi. Nikataja jina lako, halafu nikakwama. Ulikuwa unakunja kitambaa na kukiweka chini ya kamba za sidiria, nami nilidhani ni mtindo wa watu wazima. Najua chai uliyoipenda. Najua mwanakwaya uliyekuwa humtaki hata kumwona. Palipokuuma sipajui. Nilikuuliza hali kila asubuhi, na kila asubuhi ukasema muzuri. Ulinifundisha kwamba mgeni haambiwi maumivu, lakini Mama, mimi nilikuwa mgeni? Nimekukasirikia. Nimekukasirikia na ninakulilia, vyote pamoja, na sare za watu zinanisubiri.

Basi pumzika. Uamuzi wao siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba Neema nikimuuliza hali yake, nitavuta kiti nikae, na jibu la kwanza sitalipokea.

Mwanao,
Solange