Jina la Kuandika kwenye TV ya Mama

Elia mdogo wangu,

Nyimbo za Mama ulizomrekodi zimepotea. Zilipotea Jumatano, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza, "Dada, umebonyeza nini?" Sijabonyeza. Nilikuwa Nkuhungu kwenye mashine zangu za kusaga. Mama alibaki hapa Ipagala peke yake, na Mama anajua kitufe kimoja tu cha rimoti, kile ulichombandikia plasta.

Kompyuta yako bado iko chumbani kwako, tunaiacha inawaka kama ulivyotuagiza. Siku hiyo ilijizima, ikajiwasha, ikaandika kwamba imesasishwa kwa usalama wetu. Usalama wa nani? Tangu hapo TV ya sebuleni inaonyesha jina lako kama kawaida, Elia, ila ukifungua ndani hamna kitu. Nikaenda chumbani kwako nikahesabu. Kwenye kompyuta nyimbo ziko mia mbili na sita. Kwenye TV, sifuri. Waifai ni ileile, nyaya ni zilezile. Mia mbili na sita, toa nini, ibaki sifuri? Mimi niliyeanza na debe la karanga mpaka mashine mbili, hesabu haijawahi kunishinda. Hii imenishinda.

Nikamwita Hamisi, yule rafiki yako wa Kondoa anayetengeneza kompyuta mjini. Alichokonoa jioni nzima. "Dada, hazijafa, zimefungiwa." Anasema ulivyoziweka, TV ilikuwa inazichukua bila kuulizwa paswedi, na programu mpya hairuhusu mtu kuingia bila hodi. Kwa hiyo ile njia yako ifutwe, ifunguliwe nyingine yenye paswedi, na ipewe jina.

Hapo kwenye jina ndipo nilipokwama.

Unamjua Mama. Kila jioni TV ikileta lile jina anasema, "Elia kaja." Kisha inasikika sauti yako, "Haya Mama, anza," huku unacheka, ndipo waingie yeye na wenzake wa kijijini Zuzu na ngoma zao. Anajua umekufa. Alikutupia udongo kwa mkono wake. Lakini jioni anasema Elia kaja, na mimi nanyamaza, maana jina uliliandika wewe. Sikuwa namdanganya mimi.

Sasa natakiwa niandike mimi. Hamisi ananishangaa: "Ni maandishi tu, dada, andika hata Jogoo." Na Shangazi, unaujua mdomo wake: "Basi mwiteni marehemu aje aandike mwenyewe!" Nilicheka, Elia. Nikaenda jikoni nikalia kama mtoto.

Nikiandika Elia, kila jioni nitakuwa nimekuleta mimi, makusudi, huku najua. Nikiandika Neema, jina langu, nyimbo zitarudi, sauti yako itarudi, lakini Mama atatafuta jina lako asilione, na ataniuliza umekwenda wapi. Nimjibu nini? Mara ya kwanza, siku uliyofariki, nilishindwa kumwambia, akaambiwa na mchungaji. Tangu Jumatano ananiuliza, "Elia kakasirika? Mbona hatuimbishi?" Ugali anaumega, anaurudisha.

Nageuza huku, nageuza kule. Kitu kilikuwa kinafanya kazi, wakakitengeneza, kikaharibika, halafu wa kuamua ni mimi.

Na nikuambie lingine. Mama umemtokea ndotoni, Shangazi umemtokea, hata jirani anasema kakuona umevaa shati la bluu. Mimi niliyekuuguza hujanijia hata mara moja. Sawa. Lala salama, mdogo wangu, sina kinyongo, kidogo tu. Mama nitamtunza mpaka mwisho, hilo nakuahidi, na utakachosema nitakifanya bila kukuuliza sababu.

Lakini sema. Hamisi anarudi kesho, Jumamosi, saa kumi jioni. Nataka jibu kabla hajagonga geti, na usinizungushe: Elia, au Neema?