Zamu ya Mama Kalunde

Nuu, Kitui
Mwezi wa kumi na moja

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii inakukuta kifua kimetulia. Mama aliniandikia kwamba ulikohoa mwezi mzima, lakini wewe katika barua yako hukugusia hata kidogo. Mimi ni mzima. Maji tunayafuata mbali, ila ugali nashiba na usingizi napata.

Uliniuliza kazi yangu ni gani hasa, maana kanisani wakikuuliza huwaambia nafundisha mpira. Ukauliza pia kama nitarudi kuchukua ile nafasi ya hospitali uliyoniombea hapo Tawa. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu.

Nilisomea kutunza wanamichezo: kuwaangalia wanavyokimbia na kuruka, kutambua nani anaelekea kuumia, na aliyeumia kumrudisha uwanjani polepole. Hospitali ya hapa Nuu ilinipa chumba kwa ajili ya wanafunzi wa shule za hapa. Lakini muhula wa tatu ni wa mitihani, hakuna anayekimbia, na chumba kikabaki kitupu. Siku moja Daktari wetu akaingia, akatazama kitanda changu na bendeji zangu.

"Sista," akasema, "mchezaji anaumia kwa kupenda. Mimi nina watoto wa malaria wanaolala wawili wawili. Nionyeshe kabla mwaka haujaisha kwamba hospitali inakuhitaji. La sivyo, naweka vitanda humu nawe uende zako."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Kwa kukosa wagonjwa nikawa nakaa karibu na foleni ya asubuhi, nikitazama watu wanavyotembea. Unanijua, tangu utotoni ulinigombeza kwa kukodolea watu macho. Nikaona kwamba wanawake wengi waliokuja na maumivu ya mgongo walishika upande uleule, wa kulia. Walipewa vidonge, wakaenda, wakarudi. Nikamuuliza mmoja wao, mjane anayeitwa Mama Kalunde, anafanya kazi gani.

"Mwethya," akanijibu. "Kwani kwenu Makueni mnachimbiwa na malaika?"

Kesho yake nikafuatana nao. Mwethya wao ni kama wa kwetu: leo wanawake wote wako kwa shamba la huyu wakichimba matuta ya kuzuia udongo, kesho kwa yule, kwa zamu, mpaka mvua inyeshe. Nilikaa juu ya jiwe nikawatazama kama ninavyotazama timu. Wote waliurusha udongo kuelekea juu ya mteremko kwa upande mmoja, wakiimba, asubuhi nzima bila kubadilisha. Nikaona maumivu yanakotoka, nikasisimka mpaka nikasahau jua.

Kisha nikaharibu. Nilimwambia Mama Kalunde apumzike majuma mawili, kama ambavyo ningemwambia mkimbiaji.

Alicheka mpaka akaushika huo mgongo. "Nipumzike? Shamba langu ndilo la mwisho. Nisipoenda kwa wenzangu, kwangu atakuja nani? Mvua inikute bila tuta hata moja, ibebe udongo wangu wote? Wewe Sista ulisomea kwa watu wasio na shamba?"

Nilirudi, nikawaza siku kadhaa. Mchezaji akiumia hukaa pembeni, lakini bado ni wa timu. Kwa nini isiwe hivyo hapa? Nikaenda kuwauliza wakiwa wote pamoja. Nilisema kila wimbo ukiisha wabadilishe upande wa kurushia. Hilo walilikubali wakicheka. Kisha nikasema anayeumwa apewe kazi nyepesi, aongoze nyimbo, agawe maji, na ahesabiwe kama aliyechimba. Hapo wakawaka.

"Kuimba ni kazi?" mmoja akauliza. "Basi mume wangu ni mchapakazi, huimba kutoka kilabuni mpaka mlangoni!"

"Kesho sote tutaumwa," mwingine akasema.

Mama Kalunde mwenyewe ndiye aliyekasirika zaidi. "Sitaki huruma. Nipeni jembe." Akainama, akapiga mara chache, na kuinuka akashindwa. Tukamwinua.

Mwenyekiti wao akawageukia. "Nani hapa huu mgongo haujamlaza chini?" Akamnyang'anya Mama Kalunde jembe. "Basi aimbe. Na wa kudanganya tutamjua, tunaishi naye."

Akaimba. Ana sauti mbaya sana, Baba, ila inafika mbali. Kila jioni nilimfanyisha mazoezi, na alipopata nafuu nikamrudishia jembe kidogo kidogo.

Baadaye Daktari akaniuliza, "Wale wanawake wa migongo wamehamia kwa mganga?" Nikamwambia wako shambani. Hakuamini, akaja mwenyewe. Ilikuwa zamu ya Mama Kalunde, na hakuna aliyekosa.

"Daktari," Mama Kalunde akamwita, "umekuja kutazama au kuchimba?"

Wakampa jembe. Wimbo ulipoisha, yeye akaendelea kurusha upande uleule, nao wakampigia kelele, "Badilisha!"

Tukirudi, Daktari alitembea akijikanda mgongo. "Chumba nakichukua," akasema mwishowe. "Watoto lazima walale. Lakini wewe usiende popote. Kuanzia Jumatatu mwenye mgongo au goti aanze kwako, hata kama ni chini ya mti."

Bado sijui kama nilimwonyesha alichotaka. Wapo ambao mgongo haujapona. Na jeraha ambalo halikutokea mtu hulionyeshaje? Nalala na swali hilo, naamka nalo, wala silichoki. Kwa hiyo nakuomba, Baba, ile nafasi ya Tawa wampe mwingine. Najua uliiomba kwa kujishusha mbele ya watu, na utasikitika. Nikasirikie, lakini uniandikie.

Msalimie Mama, kaka yangu anayechunga duka, na Shangazi anayeniombea kila Jumatano.

Mvua imeanza. Asubuhi nimepanda hadi kwa Mama Kalunde kutazama, na maji yamesimama kwenye kila tuta, matulivu, udongo wake wote uko hapo.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Ndinda