Mkono Uliosonga Ugali Huu

Sirari, nyumbani kwa Ghati

Nyangi mdogo wangu, mtoto wa mama,

Nakusalimu wewe na wote hapo uani, wakisikia waitike. Magoti yako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia usimpe mtu. Tembo wametulia huko hifadhini kwao au wameshaingia tena kwenye mahindi yako? Na yule kuku wangu mweupe mwangalie anataga wapi, kwa sababu siku naondoka nilimwona jirani yako anamtazama sana, na mtu hatazami kuku wa mwenzake hivyo bure.

Mimi mzima. Ghati mzima, kidonda cha kisu cha uzazi kinakauka. Mtoto ananyonya kama ndama wa mvua ya kwanza, usiku anatulia, mchana ndiyo analia, sijui kamrithi nani.

Barua hii aisome Rhobi binti yako, mlango ufungwe, Marwa asiwepo. Simu sitaki. Marwa mwanangu akipokea simu anafungua sauti mpaka aliyeko mtoni anasikia. Anayeniandikia ni Mama Achieng, fundi cherehani wa nyumba ya pili, Mjaluo wa Shirati. Naye nilimshuku, nitafika hapo. Andika, Mama Achieng, usiruke kitu, mwisho utanisomea.

Neno lenyewe ni hili: mzuie Marwa asije huku Jumapili. Mimi ndiye niliyemwita aje na wazee wamchukue dada yake na mtoto. Sasa nasema asije. Unajua Marwa alioa kwa ng'ombe wa mahari ya Ghati. Ghati akirudi nyumbani ng'ombe watadaiwa, na mke wa Marwa naye atakaa wapi? Nyumba mbili zitabomoka kwa mdomo wangu. Nisikilize ujue ilivyokuwa.

Siku ile nimefika stendi hapa nina njaa, tumbo limeshikana na mgongo. Njiani kule Mugumu watu walishuka wakala, mimi sikula. Nyama ya njiani mimi siili, hujui ni ng'ombe au ni pundamilia, na ukiuliza muuzaji anacheka. Anacheka nini? Basi hapa Sirari nikaingia mgahawa mmoja pembeni, nimsubiri Mama Achieng aje anichukue. Kasichana kakaja na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, bibi huko ni shosho:

"Karibu shosho. Tuko na chapo, maini, sukuma. Unakula nini?"

Nikasema chai na chapati moja, basi. Akaenda nyuma. Nikasikia huko jikoni kitu kimeanguka, kama sufuria. Akarudi na chapati tatu na maini sahani imejaa.

"Mimi sijaagiza maini."

"Kula tu shosho, wamekupea jikoni."

"Nani huko jikoni ananijua?"

Akasogeza sahani karibu yangu. Nyangi, wewe ungekula? Sisi tumelelewa kwamba anayekupa chakula anaonja kwanza, anatoa uchawi, ndiyo na wewe unapeleka mkono. Nikamwambia, onja. Akaonja kipande, nikamtazama koo mpaka kikashuka. Ndiyo nikala. Na yale maini yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Sukuma imekatwa nyembamba kama uzi. Kuna majani fulani huku wanaita dania, mabichi yananuka kama kunguni, lakini kwenye mchuzi yanakaa vizuri. Nilikula yote nikiwa na wasiwasi.

Basi nikafika kwa Ghati. Unajua mimi kuja kulea uzazi kwa mkwe haikuwa sawa kwa mila yetu, ila mama yake mkwe alishafariki, na Ghati amepasuliwa, nani angekuja? Jina lake mkwe silitaji hata hapa, Mama Achieng asije akaliandika. Uso wake sijawahi kuutazama tangu alipoleta ng'ombe. Tumeishi hivi: akirudi anakohoa getini. Mimi nikisikia kikohozi nabeba mtoto naingia chumba cha ndani nafunga. Akiondoka anakohoa tena, natoka. Na kila nikitoka nakuta chakula kiko kwenye hotpoti, mezani.

Siku ya kwanza nikasema vizuri, mtu kaleta. Ya pili nikaanza kuwaza. Ghati hawezi kuinuka. Msichana wa kazi hakuna. Mimi lile jiko la mtungi naliogopa kama nyoka, na hata nikitaka kuwasha kuni Ghati anasema, "Mama, wewe shika mtoto, chakula kipo." Kipo kimetoka wapi?

Nikafunua maharage. Dania! Nikatazama sukuma, uzi ule ule. Na ugali, Nyangi, nisikilize. Ugali mgumu wa kweli, umesongwa ukasongeka, hauna hata punje moja mbichi, ukiukata kwa uzi unakatika kama jibini. Msichana wa siku hizi hawezi kusonga vile. Nikasema huyu mwanamke ana mkono! Ana mgongo! Huyu amekomaa, na amemshika mkwe wangu.

Nikamuuliza Ghati, "Nani kapika?"

"Mama, kula kwanza."

"Nimeuliza nani kapika."

"Kwani ni kibaya?"

"Si kibaya, ndiyo maana nauliza!"

Akageukia ukutani, mabega yanacheka. Nikasema tayari, na huyu keshalishwa limbwata, mwanamke anachukuliwa mume na anacheka.

Kwanza nikamshuku Mama Achieng, kwa kuwa ni jirani na mume wake yuko mbali ziwani. Nikaja hapa hapa kwenye cherehani yake, nikamwambia, "Wewe ndiye unapikia nyumba ya binti yangu?" Akaacha kushona. Akasema, "Mama, mimi ningewapikia samaki mpaka mngeota magamba." Sasa hivi anaandika huku anacheka. Cheka, lakini andika.

Hata hivyo shaka haikuniisha. Kila chakula nikimwambia Ghati aonje kwanza. Anaonja, ananitazama, anaonja. Mwisho nikaomba simu, nikampigia Marwa, nikamwambia dada yako ana mke mwenza wa sirini, tena anatulisha sisi sote, na maziwa ya mtoto yanatoka kwenye chakula hicho. Marwa hakuuliza hata mara mbili. "Mama, Jumapili baada ya ibada nakuja na wazee. Fungeni mizigo."

Nikaona mpaka Jumapili ni mbali. Nimtazame huyo mwanamke kwa macho yangu. Jana mchana Ghati na mtoto wamelala, nikachukua fimbo nikaenda ule mgahawa wa stendi. Mbele sikupita. Nikazunguka nyuma kunakotoka moshi. Nikachungulia. Nikaona mgongo, mpana hivi, aproni ya maua imefungwa nyuma, mguu mmoja umekanyaga sufuria kubwa isizunguke, mikono miwili kwenye mwiko, ugali unageuzwa kama mtu anageuza shamba. Nikasema ndiye. Nikapiga fimbo chini:

"Wewe mwanamke! Geuka nikuone!"

Mgongo ukaganda. Haukugeuka, Nyangi.

Ukakohoa.

Kikohozi kile kile cha getini! Mimi kanga kichwani, uso ukutani, ukuta wenyewe una masizi, nikajipaka paji lote. Nasikia kreti za soda zinaanguka, mkwe anajificha nyuma ya kreti hizo, mtu mzima, mrefu vile. Ugali unaungua. Kale kasichana kakaja mbio: "Shosho, umeumia? Na wewe mura, mwanaume mzima, kwani umeona simba?" Nilitoka kinyumenyume mpaka barabarani, na fimbo nimeiacha.

Nilirudi nikamwambia Ghati, "Niambie yote sasa, nina masizi usoni." Akalia ndiyo akasema. Kumbe huyu mkwe ni mpishi tangu ujana. Alikuwa kwenye kambi za watalii huko porini karibu na kwetu, na sisi tukaambiwa anashughulika na magari. Huku Sirari tukaambiwa anapakia mizigo mpakani. Asubuhi anapika nyumbani, anakwenda kupika mgahawani, jioni anapika tena. Siku ile stendi aliniona naingia akaangusha sufuria, akasema mpelekeeni maini.

"Mama," Ghati anasema, "Marwa akijua, atamwita mwanamke mbele ya watu. Wale waliotahiriwa naye watamtungia wimbo. Aliniapisha nisikwambie."

Ni kweli, Nyangi. Mwanaume wa kwetu aliyetahiriwa akishika mwiko, atakaa wapi kwenye pombe? Marehemu wangu hata maji ya moto hakujua yanaiva vipi. Siku niliyougua ile homa, alikaa nje ya mlango akiita watu waje wanipikie, mpaka wewe ulipotoka kwako. Unakumbuka uji ulionipikia? Ulikuwa na majivu. Lakini nilikunywa.

Jana jioni mkwe alirudi, akakohoa getini kidogo sana, kama mgonjwa. Jikoni hakuingia. Alikaa nje kwenye ngazi mpaka giza. Tukanywa chai tupu. Usiku maziwa ya Ghati yakapungua, mtoto akalia, naye siyo mtoto wa kulia usiku, nimekuambia. Nikawa nimemshika natembea naye, nikafikiri: nilikuwa naogopa mwanamke ataifunga hii nyumba, kumbe jiko nimelifunga mimi.

Kuongea na mkwe siwezi. Kumwita siwezi. Asubuhi nikafungua mzigo wangu, nikatoa unga wa wimbi niliokuja nao, na ule mwiko wangu wa mninga, ule niliochongewa nikiwa mke mpya, ambao hata wewe nilikunyima. Nikaviweka kizingitini pa jikoni, mwiko juu ya unga. Yeye bado alikuwa nje. Halafu nikakohoa. Mimi! Nikakohoa kwa nguvu, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Mtoto akapiga chafya. Halafu nikasikia kiberiti, maji, na baadaye mwiko unagonga ukingo wa sufuria. Mlio wake naujua.

Alipokohoa kuondoka nikatoka. Ugali wa wimbi, mweusi, unatoa moshi, na mlenda pembeni. Ghati kwa mazoea akapeleka mkono aonje. Nikaushika. Nikamega tonge mimi, la kwanza. Hakuna aliyenionjea.

Sasa wewe mwambie Marwa hivi: mama yako anasema yule aliyekuwa anapika amemfuata mwenyewe kwa fimbo, wameelewana, hana shida tena na mtu. Si uongo hata neno moja. Akiuliza zaidi, muulize ng'ombe wa mke wake walitoka wapi. Na wewe usimwambie mtu, hata pombe ikikaa vizuri. Nakujua.

Lakini dania bado naitilia shaka. Kitu kinachonuka kunguni hakiwezi kukosa jambo.

Nisalimie Rhobi anayekusomea, macho yake Mungu ayatunze. Nisalimie mke wa Marwa, mwambie atulie kwake. Nisalimie yule mzee wa boma la juu anayenidai salamu kila siku, na mama wa kanisani mwenye ngoma. Barua anakuletea mama wa vitunguu anayekwenda mnada wa Mugumu, mpe maziwa. Akirudi mpe na unga wa wimbi, ujaze mfuko, na usagishe vizuri. Huyu anayesonga huku hapendi unga wa mchanga, na mimi nisingependa aone kwetu hatujui kusaga.

Mama Achieng amenisomea yote, hajaruka.

Ni mimi dada yako Wankuru, nimeshiba kwa mkwe.